Évariste Lhommet, Mchoraji wa Nukta wa Mtaa wa Puchot (1861–1931)

Wasifu uliosomwa na mpwa wake, Rosalie, kwenye makaburi ya Saint-Jean, Elbeuf, Jumamosi tarehe 21 Machi 1931

Tunayemzika asubuhi ya leo ni Évariste Narcisse Lhommet, mchoraji, mwalimu wa michoro katika shule ya jioni ya mji huu kwa miaka ishirini na mitatu, mume wa Zélie na baba wa watoto watatu. Wengi mliopo hapa aliwahi kuwakalisha mahali akawaambia msitikisike. Wengine mmekuja kwa treni ya asubuhi kutoka Rouen na Paris, na familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu. Mwenyewe aliagiza wasifu wake usiwe mrefu na usimfanye malaika. Hilo la pili tutajitahidi.

Alizaliwa Jumatatu tarehe 11 Machi 1861 hapahapa Elbeuf, katika nyumba ileile aliyofia, akiwa mtoto wa kwanza wa Narcisse Lhommet na mkewe Désirée. Baba yake alikuwa fundi wa kutia rangi sufu. Mama yake alifanya kazi za viwanda akiwa nyumbani: aliletewa vitambaa vilivyotoka kufumwa, akavitandaza mezani karibu na dirisha, akanyofoa mafundo kwa kibano. Nyuma ya nyumba unapita mto wetu mdogo wa Puchot, na watu wa umri wake wanakumbuka kwamba siku hizo maji yake yalikuwa na rangi ya chochote kilichokuwa kikichemshwa viwandani. Évariste alipokuwa na miaka minne aliteleza kwenye ngazi za kufulia, akatumbukia. Jirani alimwopoa, naye akatoka mwekundu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Mama yake alidhani ni damu, akapiga mayowe hadi mtaa mzima ukatoka nje. Narcisse alifika mbio kutoka kazini, akamgeuza mtoto huku na huku, akamnusa, kisha akasema, "Mtoto mzima huyu. Hiyo ni rangi ya suruali za jeshi, nimeipika mimi mwenyewe. Haitoki upesi." Na kweli haikutoka upesi. Mwaka ule Évariste alikwenda misa ya Pasaka akiwa na masikio mekundu, na padre wa wakati huo alimwuliza mama yake kama mtoto ameungua.

Alianza shule kwa Mabruda mwaka 1867. Hesabu alizimudu, imla ilimshinda. Alipotimiza miaka kumi na miwili baba yake alimchukua kazini, akashika mti wa kukorogea kwenye mapipa ya rangi kama vijana wenzake wa mtaa. Mwaka 1875 aliandikishwa shule ya jioni ya michoro, na mwaka 1879 halmashauri ya mji ilimpa ufadhili wa kwenda kusoma Rouen. Mwaka 1882 alihamia Paris. Huko alisoma chini ya mwalimu aliyewachoresha sanamu za plasta miezi nenda miezi rudi, na chakula alikipata kwa kuchora vibao vya maduka: bata kwa muuza nyama, mkasi kwa kinyozi. Alizoea kusema kwamba yule bata ndiye mchoro wake wa kwanza kupendwa na watu, na pengine wa mwisho.

Mei 1886 aliingia kwenye maonyesho fulani, akakuta ukutani picha zilizochorwa kwa nukta tupu. Watu walikuwa wanacheka kwa sauti. Yeye alisimama pale mpaka mlinzi akaja kumwambia kwamba wanafunga, na kesho yake akarudi akasimama tena. Alimweleza dada yake Eulalie kwamba alijisikia kama mtu aliyekaa ugenini muda mrefu, halafu akasikia watu sokoni wanaongea lugha ya kwao. Maana jambo lenyewe alilijua tangu utotoni bila kulijua. Mezani kwa mama yake alikuwa ameona kwamba kitambaa cha kijivu kilicho kizuri, kile kinachong'aa kidogo jua likikipiga, hakina uzi wa kijivu hata mmoja. Kina uzi wa buluu, wa machungwa, na wa kijani hapa na pale, na ni jicho la mtu linalozichanganya. Basi naye akaacha kukoroga rangi kwenye kibao. Akawa anaziweka kwenye turubai zikiwa safi, nukta kando ya nukta, akimwachia mtazamaji kazi ya kuzichanganya.

Oktoba mwaka huohuo baba yake akashikwa kifua, ugonjwa wa wengi waliokaa juu ya mvuke wa mapipa. Évariste alirudi kumwuguza, na Narcisse alipofariki mwaka uliofuata hakuondoka tena. Wenzake wa Paris walidhani amejizika. Yeye alipanga brashi zake kwenye chumba cha nyuma, kile kinachotazama mto, akaanza kuchora wanawake waliokuwa wakifua pale nje. Picha ile, "Wafuaji wa Puchot," ilimchukua miaka miwili. Wafuaji wenyewe walimzoea hata wakawa wanamtuma maji.

Septemba 1889 picha ilitundikwa kwenye ukumbi wa halmashauri, na mji mzima ukaja kuitazama kwa sababu kiingilio kilikuwa bure. Mmoja wa waliokuja ni Anthime Bucaille, mwoka mikate wa mtaa wa Saint-Jean, kijana wakati huo, mwenye mdomo ambao bado anao. Anthime aliinama mbele ya turubai hadi pua yake ikakaribia kuigusa. Kisha akaugeukia umati akasema, "Jamani, hawa kina mama wapelekwe kwa daktari. Wana surua."

Kufika Jumatatu, Évariste Lhommet alikuwa ni Bwana Surua, kwa watoto na kwa watu wazima. Tarishi alimfikishia barua zilizoandikwa hivyo. Hakukasirika. Siku ya pili yake alikwenda kununua mkate palepale kwa Anthime, ambako dada yake Anthime, Zélie, alikuwa akipanga mikate rafuni.

"Karibu, Bwana Surua," Anthime akasema. "Leo nikupe mkate au dawa?"

"Nipe mkate. Dawa atanipa dada yako."

Zélie hakuinua macho, ila aligeuka ukutani apate kucheka. Wiki hiyohiyo Évariste aliomba ruhusa kwa baba yao, mzee Honoré, amchore Zélie akiwa ameketi dirishani pa duka. Mzee Honoré alikubali, akidhani ni kazi ya siku mbili tatu.

Picha ilianza katika mavuno ya tufaha ya mwaka 1889. Évariste alitaka mwanga wa asubuhi yenye mawingu na si mwanga mwingine, na asubuhi ikiwa na jua alikaa tu na kuzungumza na Zélie, akisubiri mawingu. Yalipita majira ya baridi, yakapita ya joto, yakaja mavuno mengine. Masika ya mwaka 1891 mzee Honoré alitoka kwenye tanuri, unga mikononi, akasimama kati ya mchoraji na dirisha.

"Kijana," akasema, "binti yangu umemkalisha kwenye hicho kiti tangu tufaha za mwaka juzi. Tumevuna tena, tumekamua, tumekunywa. Unachora au unaoa?"

Évariste akashusha brashi. "Mzee, bado mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto ndio wa pete," Zélie akasema kutoka kitini, bila kutikisika, maana alikuwa amekatazwa kutikisika.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Juni 1891 katika kanisa la Saint-Jean. Anthime alioka mkate mtamu wa harusi wa ukubwa wa gurudumu la mkokoteni, akaujaza nukta za sukari nyekundu juu hadi chini, na bibi harusi ndiye aliyekata kipande cha kwanza. Mkono wa kushoto ulimalizika Agosti, ukiwa na pete.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Odile mwaka 1892, Fernand mwaka 1895, na Mathilde mwaka 1900. Odile alikuwa mtoto wa mbio. Alikuwa na alama ndogo juu ya nyusi, aliyoipata kwa kugonga mlango wa tanuri la mjomba wake, na alikaza jicho moja kila alipokuwa anataka kudanganya, kwa hiyo hakufanikiwa kumdanganya mtu. Baba yake alichora nusu ya mtaa lakini Odile hakumchora. Alimwambia atamchora siku atakayojifunza kukaa. Odile akamjibu kwamba atakaa siku baba atakayojifunza kuharakisha. Hata kwenye picha moja ya kamera iliyopigwa siku ya ubatizo wa Fernand, wote wameonekana vizuri isipokuwa yeye, aliyegeuza kichwa, na uso wake umetoka kama moshi.

Januari 1898 surua iliingia mtaani. Fernand aliugua kwanza akapona. Odile aliugua baada yake, na ugonjwa ukamshukia kifuani. Vipele vilianza nyuma ya masikio, vikaenea usoni, vikashuka shingoni. Évariste alikaa kando ya kitanda muda wote, akaviona vikitoka. Odile alifariki asubuhi ya Jumatano tarehe 9 Februari 1898, akiwa bado hajatimiza miaka sita. Amelala hapa hapa, na leo baba yake analazwa kando yake.

Familia imeamua lifuatalo lisemwe, kwa sababu ni sehemu ya maisha yake na kwa sababu linauhusu mji huu. Kuanzia siku ile hakuna mtu wa Elbeuf aliyelitamka tena lile jina. Hapakuwa na kikao wala tangazo. Jumanne alikuwa bado Bwana Surua, Alhamisi kwenye mazishi alikuwa Bwana Lhommet, na watoto wa shule waliokuwa wakimpigia kelele walivua kofia. Vijana wengi mliopo leo hamjawahi kulisikia, na huo ni ushahidi wa adabu ya wazazi wenu.

Anthime ndiye aliyeumia vibaya. Kila asubuhi alileta mkate, akauweka juu ya kizingiti cha dirisha, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Ilikuwa hivyo hadi karibu na Pasaka. Siku moja Évariste alimvizia, akafungua mlango Anthime akiwa bado ameshika mkate.

"Shemeji, ingia ndani. Mkate unapoa."

"Siwezi," Anthime akasema. "Huu mdomo wangu, Évariste."

"Mdomo wako ulitaja jina tu. Ugonjwa ulikuja wenyewe. Ingia, dada yako anakusubiri."

Anthime akaingia, akala nao. Lakini kuchora, Évariste aliacha. Alifunga chumba cha nyuma, akaenda kuomba kazi alikoanzia, kwenye kiwanda cha kutia rangi, akapewa kazi ya kulinganisha sampuli za sufu. Alitoka alfajiri akarudi jioni. Watu walisema huzuni imemchosha mikono. Haikuwa mikono. Kila alipogusisha brashi kwenye turubai aliona kile alichokiona kando ya kitanda, na hilo alilijua Zélie peke yake.

Zélie ndiye aliyelivunja jambo hilo. Vuli ya mwaka 1899, Jumapili moja baada ya misa, akiwa na mimba ya Mathilde, alimwambia mumewe kwamba ameanza kusahau. Alama ya juu ya nyusi anaikumbuka, lakini hakumbuki tena ilikuwa upande gani. Évariste akamwambia ilikuwa kulia. Zélie akasema, "Basi mchore kabla wewe nawe hujasahau."

Alifungua chumba. Alimchora Odile kwa mtindo aliofundishwa na yule mwalimu wa Paris, rangi zimekorogwa, zimelainishwa, shavu kama ganda la tufaha lililofutwa kwa kitambaa. Alifanya kazi haraka na akamaliza kabla ya Noeli. Zélie aliitazama ile picha akiwa amesimama mlangoni, kisha akarudi jikoni kumenya vitunguu. Évariste akamfuata.

"Vipi?"

"Mtoto mzuri," Zélie akasema. "Siye Odile. Mchore unavyochora watu wengine."

"Sitaweza kumtia madoa usoni, Zélie. Niliyaona yakimtoka moja moja."

"Na mimi niliyaona. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyapangusa." Hakuacha kumenya. "Mchore."

Aliikwangua ile picha hadi kwenye kitambaa, akaanza upya. Alimchora akiwa amesimama kwenye ngazi za kufulia, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyeitwa wakati anakimbia akageuka. Alianza na mawe. Akaja kwenye maji, kwenye aproni ya buluu, kwenye soksi iliyoshuka. Uso aliuacha mweupe. Mathilde akazaliwa, yakaja majira ya joto na ya baridi tena, uso ungali mweupe, na Zélie hakumhimiza. Machi 1901 alichukua kiti akakiweka kando ya mumewe, akaketi akimnyonyesha Mathilde, akasema yuko tayari kama na yeye yuko tayari. Ndivyo walivyouchora uso, wawili, yeye akiweka nukta na Zélie akisema. Paji lilikuwa pana zaidi. Nyusi ile ilikuwa juu kidogo. Walipofika shavuni mkono wa Évariste ulisimama hewani, akachovya rangi ya waridi iliyofifia sana.

"Zidisha," Zélie akamwambia. "Ametoka kukimbia. Hilo ni joto la kukimbia, si la homa."

Akazidisha.

Ilipomalizika ilitokea taabu ambayo hawakuifikiria. Chumba cha nyuma kilikuwa chembamba. Picha kama ile inataka mtu arudi nyuma, arudi tena, ndipo nukta zishikane ziwe shavu na macho. Mle ndani mgongo ulifika ukutani kabla Odile hajaonekana. Walichokiona ni nukta nyekundu tu, nyingi, kwenye uso wa mtoto, na Zélie aliyekuwa amestahimili yote hadi hapo alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mto. Évariste alitaka kuichukua picha aipeleke ukumbi wa halmashauri akaitazame naye huko. Zélie akasema hatamtazama mwanawe mbele ya makarani.

Anthime alikuja jioni ya siku hiyo na mkate wake, akaelezwa. Jumatatu ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1901, alirudi na nyundo kubwa aliyokuwa ametumia kubomolea tanuri la zamani, akasimama mbele ya ukuta uliotenga chumba cha nyuma na jiko.

"Shemeji, ukuta huu unabeba nini?"

"Sidhani unabeba kitu."

"Unadhani au unajua?"

"Nadhani."

Anthime akamwambia Zélie atoke nje na watoto, akaanza. Haukuwa unabeba kitu. Alipiga hadi mchana, akatoa matofali kwa toroli, akafagia, akamwagia maji sakafu vumbi lilale. Évariste alikuwa ameifunika picha kwa shuka. Vumbi lilipotulia aliifunua, Zélie akaitwa. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akasimama kwenye karo la kuoshea vyombo, mbali kuliko pote, ndipo akainua macho. Akasema, "Ndiye huyo. Anataka kudanganya." Na ni kweli, jicho moja lilikuwa limekazwa kidogo, na Évariste alisema hakukusudia.

Zélie akamwambia kaka yake akanawe, akapakua chakula. Ukuta haukujengwa tena. Kwa miaka thelathini familia hii imeishi katika nyumba yenye chumba kimoja kirefu, yenye baridi isiyoelezeka, na sisi watoto wa Eulalie tulipokwenda kulala huko tulivaa makoti mezani.

Tangu hapo Évariste alichora hadi mwisho, na hakubadili mtindo. Mwaka 1902 Zélie alikubali picha ya Odile iende Paris kwenye maonyesho ya wachoraji huru, safari moja tu. Ilipelekwa stesheni kwa gari la mikate la Anthime, imefungwa kwa magunia ya unga. Wakati huo nukta zilikuwa zimepitwa na wakati huko Paris. Wenzake wengi walikuwa wameziacha, na gazeti moja liliandika kwamba huu ni uchoraji wa mtu aliyelala usingizi akaamka amechelewa. Mfanyabiashara mmoja wa picha hata hivyo alikuja hadi Elbeuf kutaka kuinunua. Évariste alimpa glasi ya mvinyo wa tufaha, akamwonyesha picha nyingine, na alipoulizwa kuhusu ile akamwelekeza kwa Zélie. Zélie akamwonyesha mlango, kwa heshima zote. Nyingine ziliuzwa polepole. "Soko la Jumamosi" iko Rouen, "Daraja Alfajiri" iko Le Havre, na ile ya dirisha la duka la mikate iko kwa daktari mmoja ambaye yuko nasi hapa leo.

Kati ya mwaka 1903 na 1926 alifundisha shule ya jioni. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa viwandani, na wengi walilala mezani kwa uchovu. Hakuwaamsha, alisema aliyelala hakosei. Wawili kati yao wamekuwa wachoraji, na mmoja wao, alipomwaga rangi jana tulipokuwa tukitayarisha kile chumba kirefu, alisema bado anasubiri kugombezwa. Vita vilipokuja, Fernand aliitwa mwaka 1915, akarudi mwaka 1919 akichechemea lakini mzima. Miaka ile minne marehemu alichora bustani ya nyuma ya kanisa peke yake, tena na tena. Alisema angetaka kitu ambacho kesho kitakuwepo.

Macho yalianza kumsumbua mwaka 1924. Ilikuwa mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alichora kwa nukta kubwa zaidi, kisha kubwa zaidi, hata Anthime akamwuliza kama sasa ni tetekuwanga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Anthime kumtania juu ya nukta baada ya miaka ishirini na sita, na Évariste alicheka hadi akakohoa. Alipasuliwa jicho la kulia Rouen, Aprili 1926. Bandeji zilipotolewa akarudi nyumbani, alizunguka chumba akiwa amekasirika, akasema kuna mtu ameingia akaongeza buluu kwenye picha zake zote. Zélie alimwambia hakuna aliyezigusa. Alichukua wiki nyingi kukubali kwamba buluu ilikuwepo siku zote, ni yeye aliyekuwa haioni, na ilimbidi afikirie ni zipi kati ya picha za miaka ile aziache na zipi azifute. Aliziacha zote.

Novemba iliyopita moyo ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kulala chali. Kitanda kililetwa kwenye kile chumba kirefu, karibu na jiko la moto. Alichora akiwa kitandani hadi katikati ya Februari, kisha akaomba brashi zioshwe. Padre Aubourg alimpa sakramenti Jumatano tarehe 18 Machi, na alipotoka alisema marehemu amemwomba asogee kidogo, anaziba mwanga.

Tangu macho yaharibike Zélie ndiye aliyekuwa akimnyoa, kila Alhamisi na Jumapili. Alhamisi tarehe 19 Machi 1931, asubuhi, alichemsha maji, akampaka sabuni, akaanza na shavu la kulia kama kawaida. Walikuwa wanazungumza habari za paa linalovuja. Alipokuwa anasuuza wembe ili ahamie shavu la kushoto, Évariste alivuta pumzi moja ndefu, hakuvuta nyingine. Zélie alimwita mara moja. Kisha akageuza kichwa chake taratibu, akanyoa upande uliobaki, akampangusa sabuni masikioni, akamfunga vifungo vya shati. Ndipo alipotoka kwenda kumwita Mathilde.

Évariste amewafuata binti yake Odile, wazazi wake, na wazazi wa mkewe. Ameacha mjane, Zélie, mwana, Fernand, na mkewe Germaine, binti, Mathilde, na mumewe Lucien, wajukuu wanne, dada yake Eulalie pamoja na watoto wake, na shemeji yake Anthime, ambaye ameoka mkate wa leo kwa mikono yake ingawa aliambiwa apumzike. Baada ya hapa nyote mnakaribishwa nyumbani mtaa wa Puchot. Tafadhali njooni na makoti.

Mungu aliyempa macho amwonyeshe mwanga wake, na mwili wake ulale hapa kwa amani.